Viwanja Sitini, Anwani Sitini na Mbili: Ugawaji wa Anwani katika Mtandao Usiotumia Waya

Msafiri aingiaye mji wa Ifakara, katika bonde la mto Kilombero, hachukui muda mrefu kabla ya kulisikia jina la Viwanja Sitini. Ni sehemu ya mji huo, na jina lake lajieleza lenyewe: ni hesabu ya viwanja. Kiwanja kikishapimwa hupewa namba, na namba hiyo haipewi kiwanja kingine katika mtaa uleule. Vinginevyo barua ya mtu mmoja ingefika kwa mwingine, na mashauri ya ardhi yasingekwisha. Katika makala haya tutaeleza ugawaji wa namba wa aina nyingine, usioonekana kwa macho, ambao hufanyika kila siku katika mji huohuo na katika kila mahali penye mtandao wa kompyuta usiotumia waya, yaani ule ambao watu wengi huuita waifai.

Ifakara ni mahali panapofaa sana kwa somo hili. Tangu mwaka 1957, wakati Profesa Rudolf Geigy na wenzake wa Uswisi walipofungua hapo maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, mji huu umekuwa kituo cha sayansi. Maabara hiyo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Tukiongeza Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na chuo cha afya chenye jina hilohilo, twapata mji wa wakulima wa mpunga wenye wasomi, wauguzi, watafiti na wanafunzi wengi, ambao wote huhitaji kupeleka na kupokea taarifa kwa kompyuta na simu.

Sasa hebu tufikirie ukumbi wa kusomea katika chuo chochote cha mji kama huo. Asubuhi mambo huenda vizuri. Ifikapo alasiri, mwanafunzi aliyetoka mbali, tuseme Mlimba au ng'ambo ya mto upande wa Malinyi, aingia ukumbini na simu yake ili akamilishe maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo siku hizi hufanywa kwa mtandao na yana siku ya mwisho. Simu yaonyesha mawimbi yamejaa tele. Lakini hakuna kinachofunguka. Watu waliokaa jirani naye, waliofika tangu asubuhi, wanaendelea na kazi zao bila matatizo. Mmoja asema bando la chuo limekwisha. Mwingine asema mnara una hitilafu. Fundi aitwapo, aghalabu hupendekeza kinunuliwe kifaa kingine cha kurushia mawimbi. Fedha hutumika, kifaa hufungwa, na alasiri inayofuata hali ni ileile.

Kosa la utambuzi huu latokana na kuchanganya mambo mawili ambayo hufanyika moja baada ya jingine. La kwanza ni la redio: simu na kifaa cha kurushia mawimbi hutambuana na kukubaliana kuzungumza. Alama za mawimbi katika kioo cha simu hueleza jambo hilo tu. La pili ni la anwani: baada ya kukubaliwa na redio, simu yapaswa ipate namba yake yenyewe, kwani taarifa zinazotoka katika intaneti hazitumwi kwa mawimbi fulani bali kwa anwani fulani. Simu isiyo na anwani ni kama mtu aliyeingia mjini lakini hana nyumba: aweza kuonekana sokoni, ila barua yake haina pa kupelekwa.

Anwani yenyewe ni nini?

Mfumo wa anwani unaotumika zaidi katika mitandao ya vyuo na nyumba ulitolewa rasmi Septemba mwaka 1981. Kila anwani ni namba yenye nafasi 32, na kila nafasi hujazwa kwa 0 au 1. Nafasi moja ya namna hiyo huitwa biti. Kwa kuwa macho ya binadamu hayapendi mistari mirefu ya sifuri na moja, biti hizo hugawanywa katika mafungu manne ya biti nane nane, na kila fungu huandikwa kwa namba ya kawaida kuanzia 0 hadi 255. Ndiyo maana twaona maandishi kama 192.168.60.17.

Sehemu ya mwanzo ya namba hiyo hutaja mtaa, na sehemu ya mwisho hutaja kiwanja ndani ya mtaa. Mpaka kati ya sehemu hizo mbili huchaguliwa na msimamizi wa mtandao. Akiamua kwamba biti 26 za mwanzo ziwe za mtaa, zitabaki biti 6 za viwanja, na mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kukokotoa kwamba 2 ikizidishwa yenyewe mara 6 yatoa 64. Katika hizo 64, ya kwanza ni jina la mtaa wenyewe, nayo haipewi mtu. Ya mwisho ni ya kupigia mbiu, yaani ujumbe uliopelekwa huko husikiwa na wote. Zabaki 62. Moja huchukuliwa na lango, ambalo ni kifaa kiitwacho ruta, kinachounganisha mtaa na ulimwengu wa nje. Zabaki 61. Mtaa wa biti sita, basi, hautofautiani sana na viwanja sitini!

Msimamizi akiacha biti 8 badala ya 6, apata anwani 256, na baada ya kutoa zile mbili na ya lango, 253. Huu ndio ukubwa ambao ruta nyingi ndogo huja nao kutoka kiwandani, na kwa sababu hiyo ndio unaopatikana katika vyuo na ofisi nyingi ambazo hakuna aliyekaa akafikiri juu ya jambo hili.

Mgawaji na lugha yake

Zamani msimamizi aliandika anwani ya kila kompyuta katika daftari na kuiingiza katika mashine kwa mkono. Kwa maabara ya kompyuta kumi, daftari latosha. Mwaka 1985 Bill Croft na John Gilmore walitoa utaratibu wa kuiwezesha mashine iulize anwani yake yenyewe, lakini bado orodha ilipaswa kuandaliwa na mtu, na anwani iliyotolewa ilikuwa kama hati ya kiwanja: haikurudi. Oktoba mwaka 1993 ndipo ulipochapishwa utaratibu wa DHCP, ulioandikwa na Ralph Droms na kurekebishwa mwaka 1997, ambao hadi leo ndio unaotumika. Jambo jipya lililoletwa na utaratibu huu ni upangaji. Anwani haitolewi iwe mali ya mashine, bali hukodishwa kwa muda maalumu. Wakazi wa Kilombero hawahitaji kuelezwa sana jambo hili: mtu akodiye shamba la mpunga kwa msimu mmoja, akajenga dungu lake la kulindia ndege, ajua kwamba msimu ukiisha shamba hurudi kwa mwenyewe, ila akitaka kuendelea yampasa awahi kusema.

Mazungumzo kati ya simu na mgawaji yana hatua nne. Kwanza simu hupiga mbiu: "Je, yupo mgawaji hapa?" Haina budi kupiga mbiu kwa wote kwa sababu haimjui yeyote, na katika nafasi ya anwani ya mtumaji huandika 0.0.0.0, yaani sina kwetu. Pili, mgawaji hujibu: "Nakupa 192.168.60.17 kwa muda wa saa kadhaa. Lango ni hili, na seva ya majina ni hii." Tatu, simu hupiga mbiu tena: "Naichukua 192.168.60.17 ya mgawaji fulani." Huenda msomaji akajiuliza kwa nini ipige mbiu tena ilhali sasa yamjua mgawaji. Sababu ni kwamba yawezekana wagawaji walikuwa wawili, na yule ambaye toleo lake halikuchukuliwa sharti asikie ili airudishe anwani yake ghalani. Nne, mgawaji huthibitisha na kuandika katika orodha yake. Mambo yote haya huchukua muda mfupi sana, na mwenye simu hajui kwamba amepangishwa.

Nusu ya muda wa upangaji ikipita, simu iliyo bado mtandaoni humwomba mgawaji aongeze muda. Isipojibiwa huendelea na anwani yake, na zikipita sehemu saba kati ya nane za muda, humwomba mgawaji yeyote asikiaye. Muda ukiisha bila jibu, yapaswa iiache.

Tatizo ni kwamba simu hazina adabu ya kuaga. Utaratibu unao ujumbe wa kurudisha anwani, lakini mtu akitoka ukumbini na simu mfukoni, simu hutoka tu katika mawimbi bila kusema lolote. Mgawaji hana njia ya kujua kwamba mpangaji ameondoka. Huendelea kumtunzia nafasi mpaka muda uishe.

Hesabu ya alasiri

Sasa twaweza kuieleza ile alasiri. Tuseme ukumbi hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni. Kila saa huingia simu mpya 40. Kila mtu hukaa kwa wastani wa saa moja. Na anwani zilizopo ni 253, kila moja ikikodishwa kwa saa 24, muda ambao huwekwa katika vifaa vingi tangu kiwandani. Kwa wakati wowote waliomo ukumbini ni watu 40 tu. Hata hivyo kila saa ghala hupungukiwa na anwani 40 na hakuna inayorudi. Ukigawa 253 kwa 40 wapata saa 6 na dakika 20 hivi. Basi ifikapo yapata saa 8 na dakika 20 mchana, ghala ni tupu. Kati ya simu 400 za siku hiyo, 147 hazitapata kitu, ingawa ukumbi una nafasi na redio haina shida yoyote.

Je, kesho yake mambo yatakuwa nafuu? La. Anwani iliyotolewa saa 2 asubuhi hurudi saa 2 asubuhi, ya saa 3 hurudi saa 3, na kadhalika. Kati ya saa 8 na dakika 20 mchana na jioni hakuna hata moja inayorudi, kwa sababu jana yake hakuna iliyotolewa saa hizo. Waliowahi wataendelea kuwahi kila siku. Waliochelewa wataendelea kukosa, si kwa bahati mbaya bali kwa hesabu. Nao wanaofika alasiri mara nyingi ndio waliotoka mbali. Hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na wanaoona kwamba muda wa upangaji ni jambo dogo la mafundi. Namba moja iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani huamua nani ahudumiwe na nani asihudumiwe, na hakuna aliyekusudia hivyo.

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo yafaa hapa, na ambayo walimu wa hisabati wataipenda kwa wepesi wake: idadi ya waliomo mahali, kwa wastani, ni sawa na kasi ya kuingia ikizidishwa na muda ambao kila mmoja hukaa. Kwa ghala la anwani, "kukaa" si muda wa mtu ukumbini, bali muda ambao anwani yake imeshikwa. Muda huo ni wa kukaa kwake pamoja na masalio ya upangaji baada ya kuondoka. Kwa kuwa simu huomba nyongeza kila ifikapo nusu ya muda, masalio hayo huwa kati ya nusu ya muda na muda mzima.

Tukipunguza upangaji uwe wa saa moja, anwani hushikwa kwa saa moja na nusu hadi mbili. Zidisha kwa 40: zahitajika anwani 60 hadi 80. Ghala lililoonekana dogo sasa halitumiki hata theluthi yake. Tukipunguza hadi nusu saa, anwani hushikwa kwa saa moja na robo hadi saa moja na nusu, na zahitajika 50 hadi 60. Hata ule mtaa wetu mdogo wa viwanja sitini na kitu ungetosha, japokuwa kwa taabu, kwani wastani ni wastani tu, na siku ya mwisho ya maombi haifuati wastani.

Twaweza kuuliza: kwa nini basi tusipangishe kwa dakika moja moja? Kwa sababu kila nyongeza ni maneno hewani, na hewa ya mtandao usiotumia waya ni mali ya wote: anenapo mmoja, wengine katika mkondo uleule hungoja. Tena mgawaji akizimika, upangaji mfupi huisha haraka na watu wote hutupwa nje kwa pamoja, ilhali upangaji mrefu ungewavusha mpaka arudi. Kwa ukumbi wa wapitaji ningeweka saa moja au mbili. Kwa ofisi yenye watu walewale, siku nzima haina ubaya.

Njia nyingine ni kupanua mtaa. Anwani zinazoanza na 10 au 192.168 zimetengwa tangu mwaka 1996, pamoja na fungu jingine la 172.16, zitumiwe ndani ya taasisi bila kuomba kibali cha mtu, nazo zile za 10 peke yake ni 16,777,216. Ukiacha biti 10 za viwanja wapata 1,022. Hazilipiwi. Uchache ulioko ni wa anwani za hadharani, zile zinazojulikana duniani kote: jumla yake haiwezi kuzidi 4,294,967,296, na tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu matano ya mwisho kwa sajili tano za kanda. Sajili ya Afrika, AFRINIC, yenye makao Mauritius, iliingia Januari mwaka 2020 katika hatua ya kutoa anwani zisizozidi 1,024 kwa ombi moja. Ndiyo maana chuo kizima hutoka nje kwa anwani moja au chache za hadharani, ruta ikibadilisha anwani za ndani ziwe za nje na kukumbuka nani aliuliza nini. Mfumo mpya wa anwani zenye biti 128 upo, lakini hauondoi haja ya mgawaji mwenye akili katika ukumbi wetu, kwa kuwa simu na kompyuta bado hutumia mifumo yote miwili.

Mtaa mpana nao una gharama. Mbiu ya mmoja husikika na wote, na kifaa cha kurushia mawimbi hulazimika kuitangaza kwa kasi ndogo ili hata aliye mbali asikie. Mtaa wa watu elfu wenye mbiu nyingi huchosha hewa.

Yanayomchanganya mgawaji

La kwanza ni umeme. Ruta nyingi ndogo huandika orodha ya wapangaji katika kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Umeme ukirudi, mgawaji huamka hajui aliwapangisha nani, ilhali simu na kompyuta zenye betri bado zina anwani zao. Ampapo mgeni anwani ya 17 ambayo tayari ina mwenyewe, watu wawili wamo katika kiwanja kimoja na barua huenda huku na huko. Mgawaji mzuri hubisha hodi kwanza: huipigia anwani anayotaka kuitoa, na ikiitikia hatoi. Betri ndogo ya akiba ya kuilinda ruta gharama yake ni ndogo kuliko siku moja ya fundi.

La pili ni mgawaji haramu. Mtu hununua ruta yake sokoni, akaichomeka katika waya wa chuo ili apate mawimbi mazuri chumbani. Ruta hiyo huanza kujibu mbiu, na simu haina namna ya kujua ni mgawaji yupi halali. Kwa kawaida humfuata aliyejibu kwanza. Wanaoangukia kwake hupewa lango lisilokwenda popote. Dalili yake ni ya ajabu: wengine wana mtandao na wengine hawana, bila kujali saa waliyofika. Swichi bora zaweza kuamriwa zikubali majibu ya ugawaji kutoka tundu moja tu.

La tatu ni jipya. Mgawaji huwatambua wapangaji kwa namba ya biti 48 iliyomo katika redio ya kila kifaa. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujitungia namba ya bandia, tofauti kwa kila jina la waifai, ili mwenye simu asifuatiliwe. Ni ulinzi mzuri wa faragha. Lakini chuo chenye majina matatu ya waifai na ghala moja la anwani chaweza kuihesabu simu moja kama wapangaji watatu. Kwa hiyo chuo chenye vifaa kadhaa vya kurushia mawimbi chafaa kitumie jina moja na mgawaji mmoja, na vifaa vile vipitishe tu maombi bila kugawa chochote. Hapo mtu atatoka ukumbini hadi bwenini bila kubadili anwani. Mashine za kuchapia na seva, ambazo hazihamihami, zitengewe anwani za kudumu nje ya ghala.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani bila kompyuta hata moja. Kata vipande 12 vya karatasi, viandike namba, umpe mwanafunzi mmoja awe mgawaji. Kila dakika wanafunzi wawili waje wachukue namba, wakae dakika mbili, kisha waondoke kimya bila kurudisha karatasi. Wengine waandike ubaoni muda wa kila upangaji, na mgawaji achukue karatasi muda ukiisha tu. Anzeni na upangaji wa dakika 10, na mhesabu ni dakika ya ngapi mgeni wa kwanza anakosa; kisha wekeni dakika 2, na kila mgeni akifika katikati ya muda wake aombe nyongeza. Darasa litaona tofauti kabla kipindi hakijafika nusu.

Na mwanafunzi akutwaye na ile alasiri ya ukumbini aanze kwa kutazama anwani ya kompyuta yake. Ikianza na 169.254, maana yake hakuna mgawaji aliyeijibu, nayo imejitungia namba ya kujishikiza. Simu nyingi katika hali hiyo huonyesha tu kwamba zinatafuta anwani, kisha hukata tamaa. Kifaa kikiwa na anwani nzuri ya mtaa na bado hakuna kinachofunguka, basi ugawaji umefanyika, na swali lihamie kwenye lango: je, ndilo lango la chuo, au ni la ruta ya chumbani kwa mtu?